Haki, Insafu na Adili

Neno haki ni fupi katika kutamkwa na refu katika kutendwa. Hakuna dola iliyokubali kuitwa dhalimu, na hakuna mnyonge ambaye hakulitaja neno hili siku aliyoonewa. Katika lugha yetu limebeba mizigo miwili. Pengine ni jina la kitu ambacho mtu anastahili kupewa, kama tusemapo haki ya mrithi au haki ya mpangaji. Na pengine ni jina la mpango mzima wa jamii ambamo kila mtu hupata fungu lake pasipo kudhulumiwa. Tena neno hili lina majirani wawili, insafu na adili. Insafu ni kugawa na kuamua bila ya upendeleo. Adili ni mwenendo mwema ambao mtu huuchukua ndani ya nafsi yake popote aendapo. Sheria yaweza kuwa na insafu katika nchi ambayo watu wake hawana adili. Na mtu aweza kuwa na adili katika nchi ambayo sheria zake ni za jeuri.

Nimeyatanguliza maneno haya matatu kwa sababu yanatusaidia kuuelewa mjadala mmoja mkubwa wa falsafa ya siasa, uliowashughulisha wanazuoni wa Ulaya na Marekani tangu mwaka 1971 hata leo. Ni mjadala kati ya waliberali, ambao huanza na uhuru wa mtu mmoja mmoja, na wajamaa, ambao huanza na usawa na udugu wa watu wote. Aghalabu mjadala huu husimuliwa kana kwamba ni ugomvi wa kiasi: tajiri atozwe kodi ngapi, maskini asaidiwe kwa fedha ngapi. Nionavyo mimi, kiasi ni tawi. Shina liko penginepo. Swali la shina ni hili: haki hukaa wapi? Je, hukaa katika sheria na vyombo vya dola peke yake, hata raia akizitii sheria hizo awe amemaliza deni lake? Au hukaa pia katika mambo ambayo sheria haiyafikii, kama mshahara anaoudai mtu, kazi anayoichagua, na jinsi anavyoishi na wenziwe? Nitalifuata swali hili kwa njia ya historia, na mwisho wa njia tutajikuta Tanzania, kwa kuwa huko liliulizwa mapema kuliko lilivyoulizwa Oxford, na likajibiwa kwa vitendo, vingine vyema na vingine viovu.

Asili ya fikira za kiliberali hutafutwa aghalabu katika maandishi ya John Locke, Mwingereza, yaliyotoka mwaka 1689. Locke alifundisha ya kuwa watu kwa maumbile yao ni huru na sawa, na ya kuwa kila mmoja ana haki ya uhai wake, uhuru wake, na mali aliyoichuma kwa kazi ya mikono yake. Serikali, kwa maoni yake, ni mlinzi ambaye watu wamemweka kwa ridhaa yao. Fundisho hili lilikuwa silaha kali dhidi ya wafalme waliodai kuwa enzi yao imetoka kwa Mungu. Lakini lilikuwa na upungufu, kwani mlinzi wa mali humfaa zaidi mwenye mali. Asiye na kitu hulindiwa nini? John Stuart Mill, aliyeandika kitabu mashuhuri juu ya uhuru mwaka 1859, aliuona upungufu huo. Katika historia ya maisha yake, iliyochapwa mwaka 1873 baada ya kufa kwake, alikiri kwamba yeye na mkewe Harriet Taylor walikuwa wamefikia mawazo yaliyowaweka katika kundi la wajamaa. Basi tangu zamani ukuta kati ya pande hizi mbili haukuwa mrefu kama unavyodhaniwa.

Kwa upande wa wajamaa, Karl Marx hakupenda kuhubiri haki. Aliona kuwa mawazo ya haki ya kila zama ni mtoto wa uchumi wa zama hizo, na mtoto hawezi kumzaa mamaye upya. Hata hivyo mwaka 1875 aliandika masahihisho makali juu ya mpango wa chama cha wafanyakazi wa Ujerumani, uliotayarishwa kwa mkutano wa mji wa Gotha, na humo akasema mambo ambayo ni falsafa ya haki ijapokuwa hakuyaita hivyo. Alieleza kwamba jamii mpya, ikiwa ndiyo kwanza imetoka katika tumbo la ubepari, itamlipa kila mtu kwa kadiri ya kazi yake. Malipo hayo, ingawa ni bora kuliko ya zamani, bado yatakuwa na kasoro, kwa kuwa mwenye nguvu atapata zaidi ya dhaifu, na mwenye watoto wengi atabaki na kidogo kuliko asiye na mtoto. Baadaye tu, neema ikienea, ndipo uwezo utakapokuwa kipimo cha kutoa na haja itakapokuwa kipimo cha kupokea. Maandishi hayo yalichapwa mwaka 1891, Marx akiwa amekwisha kufa.

Ikawa kwa muda mrefu pande hizi mbili zikapishana bila ya kukutana. Waliberali walizungumza sana juu ya haki lakini hawakuigusa sana mali. Wajamaa waliigusa mali lakini waliiachia historia kazi ya kuleta haki. Katika vyuo vikuu vya Uingereza na Marekani fundisho lililotawala lilikuwa lile la manufaa, lisemalo kwamba jambo jema ni lile liletalo jumla kubwa kabisa ya furaha. Fundisho hilo lina huruma, lakini ni huruma ya mhasibu: akijumlisha furaha ya wengi, machozi ya wachache huweza kupotea katika hesabu. Wahenga wetu walikuwa na tahadhari zaidi waliposema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Aliyelitikisa fundisho hilo ni John Rawls. Alizaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1921, mwana wa mwanasheria. Utotoni aliugua mara mbili, na mara mbili mdogo wake akaambukizwa: mmoja akafa mwaka 1928 na mwingine mwaka 1929, yeye mwenyewe akapona. Katika Vita Kuu ya Pili alipigana akiwa askari wa miguu upande wa Pasifiki, na vita vilipokwisha alipita katika magofu ya Hiroshima. Ni vigumu kwa mtu aliyeyaona hayo kuamini ya kuwa kila aliyeneemeka amestahili neema yake, na kila aliyeangamia amestahili kuangamia. Akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard alitoa, mwaka 1971, kitabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Nadharia ya Haki. Fundisho lake kwa lugha yetu twaweza kuliita haki iliyo insafu.

Rawls anatutaka tufikiri hivi. Tuseme watu wamekutana kuandika kanuni za jamii yao, lakini mbele ya kila mmoja limeshushwa pazia. Nyuma ya pazia hilo hakuna ajuaye kama atakuwa tajiri au maskini, mwanamume au mwanamke, mwenye kipaji au asiye na kipaji, wa dini hii au ile. Ni kama ndugu waliopewa kazi ya kulikata shamba la urithi mafungu, wala hakuna hata mmoja ajuaye ni fungu lipi litakalomwangukia. Kila mmoja atahakikisha kwamba fungu dogo kabisa si dogo mno. Rawls asema kuwa watu hao watachagua kanuni mbili. Ya kwanza, kila mtu awe na uhuru wa msingi ulio sawa na wa wenziwe: wa dhamiri, wa kusema, wa kupiga kura, wa kutokamatwa ovyo. Ya pili, tofauti za mali na vyeo ziruhusiwe kwa masharti mawili tu: vyeo viwe wazi kwa wote kwa nafasi zilizo sawa, na tofauti zenyewe ziwafae walio chini kabisa. Sharti hili la mwisho huitwa kanuni ya tofauti. Na kanuni ya kwanza huitangulia ya pili, maana uhuru hauuzwi kwa mkate.

Hapa uliberali ulipiga hatua kubwa. Kipaji, kwa maoni ya Rawls, ni bahati ya kuzaliwa. Hakuna aliyekichuma tumboni mwa mamaye. Basi matunda ya vipaji hayawezi kuwa ya wenye vipaji peke yao. Tena katika kitabu chake cha mwaka 2001, mwaka mmoja kabla ya kufa, alieleza waziwazi kwamba ubepari, hata ule unaowapa maskini huduma na ruzuku, hautoshelezi haki, kwa sababu huacha mali ya uzalishaji mikononi mwa wachache. Alitaja mipango miwili iwezayo kutosheleza: demokrasia ambayo mali imeenezwa kwa raia wengi, na ujamaa wenye uhuru. Wengi wamsifuo Rawls, na wengi wamlaumuo, kuwa ni mtetezi wa ubepari wenye huruma, hawajaufikia ukurasa huo.

Jibu la kwanza lilitoka katika chuo hicho hicho cha Harvard, kwa mliberali mwingine aliyeupenda uhuru kuliko kitu chochote. Mwaka 1974 Robert Nozick alitoa kitabu kilichotetea dola ndogo, ambayo kazi yake ni kuzuia mabavu, wizi na udanganyifu, na kulinda mikataba. Mfano wake umekuwa mashuhuri. Tuseme mali imegawanywa kwa mpango wowote uupendao, hata wa usawa kamili. Kisha yuko mchezaji hodari wa mpira wa kikapu, Wilt Chamberlain, na watu milioni moja wapenda kumtazama. Kila mmoja kwa hiari yake aweka senti 25 za dola kwa ajili yake. Mwisho wa msimu Chamberlain ana dola 250,000, na usawa umekwisha. Nani amedhulumiwa? Kila aliyetoa alitoa kilicho chake, na kila asiyetoa bado anacho chake. Nozick akahitimisha kuwa atakaye kuulinda usawa itambidi ayaingilie maisha ya watu kila siku, na ya kuwa kodi ya mapato ya kazi ni ndugu wa kazi ya shuruti.

Hoja hii ilimwamsha mtu mmoja wa upande wa wajamaa, na mwenyewe alikiri hivyo. Huyo ni Gerald Cohen, aliyezaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1941. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na nyumba yao ilikuwa ya Wayahudi waliofuata ukomunisti. Hata shule aliyosoma utotoni ilikuwa ya watu wa imani hiyo, nayo ilivamiwa na polisi wa jimbo la Quebec mwaka 1952. Mwaka 1978 alitoa kitabu cha kuitetea nadharia ya Marx ya historia. Hapo kwanza hakuona haja ya kuihoji haki, kwa kuwa mfuasi wa Marx alikuwa kama mkunga: mimba ya ujamaa imekwisha tungwa, kazi yake ni kuipokea. Baadaye Cohen aliona kwamba matumaini mawili yamedhoofika. Wafanyakazi wa viwandani hawakuwa tena kundi moja kubwa, lenye dhiki kuliko wote na lenye nguvu za kuigeuza dunia; na ardhi yetu haikuonyesha kuwa inaweza kutoa neema isiyo na kikomo. Ikiwa usawa hautakuja wenyewe, alisema, basi atakaye usawa hana budi kuonyesha kwa nini ni haki.

Kwa Nozick alijibu kwamba watazamaji wa Chamberlain wanaweza kutoa senti zao bila ya kufikiri juu ya nguvu zitakazotokana na utajiri ule, na ya kuwa watoto wasiozaliwa, ambao watazikuta nguvu hizo zimesimama, hawakuulizwa. Tena alionyesha ya kuwa mali yenyewe ni uzio. Asiye na nauli akipanda treni atashushwa, na anayemshusha hutumia nguvu za dola. Basi umaskini ni upungufu wa uhuru wenyewe, na mwenye kupenda uhuru hawezi kuupita umaskini kama mtu apitaye kando ya jambo lisilomhusu.

Lakini shabaha kubwa ya Cohen ikawa Rawls, mtu aliyemheshimu sana. Alianza na tukio la Uingereza. Mwezi wa Machi mwaka 1988 waziri wa fedha, Nigel Lawson, alipunguza kodi ya juu kabisa ya mapato kutoka asilimia 60 hadi asilimia 40. Watetezi wa hatua hiyo walisema kuwa wenye vipaji wakiachiwa fedha zaidi watafanya kazi zaidi, na faida itawateremkia maskini. Mtu aliyeshika kanuni ya tofauti atajibu nini? Yaonekana itambidi akubali, iwapo maskini wamefaidika kweli. Cohen akauliza swali hili: kwa nini maskini watapungukiwa kodi ikirudi juu? Jibu ni kwamba wenye vipaji wenyewe wataamua kulegeza mikono. Hakuna sheria ya maumbile iliyowazuia. Ni uamuzi wao.

Alitoa mfano wa mtu aliyemwiba mtoto na kudai fidia. Mtu huyo aweza kuwaambia wazazi: mtoto anastahili kuwa na wazazi wake, msiponilipa hatakuwa nanyi, basi nilipeni. Kila neno katika hoja yake ni kweli, lakini mdomo unaoitoa hauna haya, kwa sababu yeye ndiye anayeifanya kuwa kweli. Hivyo ndivyo Cohen alivyoiona hoja ya wenye vipaji wakiwaambia maskini kuwa bila ya malipo makubwa nchi itazorota. Katika jamii ya haki aliyoieleza Rawls, raia wenyewe wanaikubali kanuni ya tofauti. Iweje basi mtu aikubali kanuni hiyo asubuhi kwenye sanduku la kura, na alasiri akapatane mshahara wake kama mchuuzi aliyebana bidhaa wakati wa njaa?

Wafuasi wa Rawls wana jibu. Haki, wasema, ni sifa ya muundo wa msingi wa jamii: katiba, mahakama, kodi, mpango wa mali. Muundo ukiwa na insafu, raia ana ruhusa ndani yake kufuata makusudi yake. Hapo ndipo Cohen alipoazima hoja ya wanawake. Susan Moller Okin, katika kitabu chake cha mwaka 1989 juu ya haki na familia, alikuwa ameonyesha ya kuwa nadharia za haki huishia mlangoni mwa nyumba. Sheria yaweza kutomwamuru mke kupika, kufua na kulea peke yake baada ya kutoka kazini. Lakini mazoea humwamuru, na mzigo ni ule ule. Ikiwa muundo wa msingi huhesabiwa kwa sababu huathiri sana maisha ya watu, mazoea nayo huathiri. Basi ama haki huingia hata ndani ya mazoea na mwenendo, ama sababu ya kuisimamisha kwenye sheria haijulikani. Mawazo haya Cohen aliyatoa katika mihadhara yake ya Edinburgh mwaka 1996, na kuyachapa mwaka 2000 katika kitabu ambacho jina lake ni swali kwa mtu adaiye kupenda usawa: mbona basi wewe ni tajiri hivyo? Alifariki mwaka 2009.

Haitakuwa insafu kuwaacha waliberali hapo, maana wana hofu mbili zilizo nzito. Ya kwanza, sheria huonekana na adili haionekani. Kodi yaweza kuhesabiwa. Lakini ni nani atakayepima kama daktari amedai mshahara kwa haja au kwa tamaa? Kanuni isiyoweza kukaguliwa hadharani huzaa ushuku, na ushuku huzaa wachongezi. Ya pili, watu hawafanani katika dini na makusudi ya maisha, jambo ambalo Rawls alilishughulikia sana katika kitabu chake cha mwaka 1993. Dola itakayojipa kazi ya kutengeneza mioyo itaanza na mahubiri na kuishia na fimbo. Cohen hakutaka fimbo. Alisema kuwa mtu awe huru kuchagua kazi yake. Lakini dola zilizojiita za kijamaa hazikusubiri ruhusa yake.

Nimeutaja mji wa Edinburgh. Katika chuo kikuu cha mji huo huo, karibu miaka hamsini kabla ya mihadhara ya Cohen, alisoma kijana wa Tanganyika, Julius Nyerere, kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Mwezi wa Aprili mwaka 1962 alichapa kijitabu ambacho hoja yake kuu ni kwamba ujamaa ni hali ya moyo. Alisema kuwa mtu maskini aweza kuwa bepari moyoni, akingojea nafasi ya kuwanyonya wenziwe, na tajiri aweza kuwa na moyo wa kijamaa. Hivyo wingi wa mali peke yake hauonyeshi jambo. Hii ndiyo hoja ambayo Oxford iliifikia zaidi ya miaka 30 baadaye kwa njia nyingine: mpango wa mali hautoshi pasipo adili.

Hoja hiyo ilipata mtihani wake tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana kupinga sheria iliyowalazimu wasomi kutumika katika Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao kwa muda. Nyerere aliwasikiliza, kisha akakasirika. Mamia ya wanafunzi wakarudishwa makwao, ingawa wengi walikubaliwa kurudi baadaye; naye akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwanafalsafa angesema kuwa yalitendeka mawili siku ile. Kupunguza mshahara wake kulikuwa ni kulijibu swali la Cohen kabla halijaandikwa. Kuwafukuza wanafunzi kulikuwa ni fimbo ambayo waliberali waliihofia.

Miezi michache baadaye, mwezi wa Januari mwaka 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari. Watu wengi hulikumbuka kwa kutaifisha mabenki. Lakini sehemu iliyo ngeni zaidi katika historia ya falsafa ni masharti ya uongozi. Kiongozi, pamoja na mwenzi wake wa ndoa, asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kenya ilichagua njia nyingine, ijapokuwa waraka wake wa serikali namba 10 wa mwaka 1965 ulitaja ujamaa wa Kiafrika: Tume ya Ndegwa, mwaka 1971, ilipendekeza watumishi wa serikali waruhusiwe kuwa na biashara zao. Ndio mwaka ambao kitabu cha Rawls kilitoka.

Kisha likaja la pili. Katika maandishi yake ya mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini, Nyerere alisisitiza kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Lakini mwezi wa Novemba mwaka 1973 alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na ya kuwa kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe amehamia. Mamilioni walihamishwa, mahali pengine nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Adili iliyokuwa imeombwa kwa maneno ikadaiwa kwa nguvu, na adili inayodaiwa kwa nguvu hugeuka woga. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ilipokutana Zanzibar, iliyalegeza masharti ya uongozi.

Historia hii yafundisha nini? Wako wasemao kuwa yote yalikuwa kosa moja, na ya kuwa Arusha ilizaa kuhamishwa kama mvua izaavyo matope. Mimi sikubali. Masharti ya mwaka 1967 yaliwekwa juu ya mwenye nguvu, naye alikuwa na mlango wa kutokea: asiyetaka kuacha nyumba zake aliweza kuacha cheo. Amri ya mwaka 1973 iliwekwa juu ya mkulima asiye na nguvu, wala hakuwa na mlango. La kwanza lilimwambia anayeshika mamlaka kwa niaba ya wengine awe kielelezo. La pili lilimfanya mnyonge kuwa chombo cha mpango uliotungwa na wengine. Pazia la Rawls lingeonyesha tofauti hiyo mara moja. Nyuma ya pazia, ambapo hakuna ajuaye kama atakuwa waziri au mkulima, ni nani angekataa sharti linalomfunga waziri kwa hiari yake, na ni nani angekubali amri inayomchomea mkulima nyumba?

Kwa hiyo naona kila upande umeshika nusu ya ukweli. Wajamaa wa namna ya Cohen wana haki wanaposema kwamba insafu ya sheria haitoshi, na ya kuwa mwenye kipaji anayeitii kila sheria aweza bado kuwa ameidhulumu jamii iliyomlea. Waliberali wana haki wanaposema kuwa dola haina mkono unaofaa kuufikia moyo. Pande hizi hupingana pale tu tunapodhani kwamba kila kilicho cha haki sharti kidaiwe na polisi. Haki ina madai ambayo dola huyadai, na ina madai ambayo hudaiwa na dhamiri, na wenzetu, na aibu, na mfano wa walio juu yetu. Nchi inayosahau madai ya kwanza huwa msitu. Nchi inayosahau ya pili huwa soko, ambalo sheria zake ni uzio na werevu huuruka.

Swali hili latuhusu sisi wasomi kuliko watu wengine. Elimu yetu imelipiwa, kwa sehemu kubwa, na watu ambao hawakusoma. Kila msomi ajapo kupatana mshahara, au kuamua kama atatumika wilayani au mjini, nyumbani au ng'ambo, hakuna sheria ya haki itakayomlazimisha, wala isimlazimishe. Lakini asidhani kuwa kwa sababu sheria imenyamaza, haki nayo imenyamaza. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo hutumiwa aghalabu kumsifu maskini aliye mkarimu. Lakini ina upande wake wa pili, nao ni hesabu ya aliyejaliwa kipaji na akakigeuza bei.